Ukali na Uhalisia katika Picha ya Ua

Mpiga picha za maua hushughulika na kitu ambacho kila mtazamaji hudhani amekwisha kukijua, na pengine hiyo ndiyo sababu ubishi juu ya namna ua linavyopaswa kuonekana umedumu kwa zaidi ya karne moja. Wapo wanaoshikilia kwamba picha njema ni ile iliyo kali, yaani ile ambayo kingo za petali, vinyweleo vya kikonyo na punje za chavua huonekana dhahiri bila ukungu wowote. Na wapo wanaoona kwamba ukali wa namna hiyo hulikausha ua, na kwamba kingo laini zinazoyeyukia katika mwanga ndizo zinazolifikisha kwa mtazamaji likiwa hai. Kila upande hudai kuutetea uhalisia, yaani uaminifu kwa kitu kama kilivyo, na dai hilo linastahili kupimwa kwa makini, maana ukali ni sifa ya picha ilhali uhalisia ni uhusiano baina ya picha na kitu kilichopigwa, na la kwanza linaweza kuwapo pasipo la pili.

Jicho lenyewe halioni kila kitu kwa ukali ulio sawa. Kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna kibonyeo kidogo kiitwacho fovea ambacho ndicho kinachoona kwa uwazi kamili, na eneo linalobaki huona kwa uwazi hafifu zaidi. Peter Henry Emerson, aliyesomea udaktari nchini Uingereza kabla ya kuhamia katika upigaji picha, alilitegemea jambo hilo katika kitabu chake Naturalistic Photography cha mwaka 1889, akifundisha kwamba kiini cha picha kiwe wazi na sehemu nyingine zilegezwe kidogo, bila kufikia kuliharibu umbo. Kwake ulaini ulikuwa ndio uhalisia wenyewe, tena uliosimama juu ya elimu ya mwili. Mpiga picha Adolf de Meyer, aliyepiga picha ya mayungiyungi ya majini ndani ya bakuli la kioo karibu mwaka 1906, aliusukuma ulaini huo mbali zaidi, hata mwanga uliopita katika kioo na maji ukawa na uzito sawa na ua.

Kizazi kilichofuata kiliyakataa hayo kwa nguvu. Mwaka 1932, katika eneo la San Francisco nchini Marekani, Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao waliunda kundi walilolipa jina la f/64, ambayo ni alama ya tundu dogo sana la lenzi: kipenyo cha tundu ni sehemu moja ya 64 ya urefu wa fokasi, hivyo kwamba lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 300 hubakiwa na tundu lisilofika milimita 5. Tundu likiwa dogo kiasi hicho, vitu vya karibu na vya mbali huonekana vikali kwa pamoja, lakini mwanga huingia kidogo, na mpiga picha hulazimika kungoja huku upepo mwepesi ukitosha kuiharibu kazi yote.

Cunningham alikuwa amesoma kemia, na katika ujana wake alipiga picha za ulaini. Alipokuwa akilea wanawe watatu wadogo katika miaka ya 1920 aliigeukia mimea ya bustani yake. Ua lake la magnolia, la karibu mwaka 1925, limejaza picha nzima, bila tawi, bila jani, bila bustani, nalo limebaki na petali pana nyeupe zinazokizunguka kiini cha stameni na pistili kilichochorwa na mwanga kwa ukamilifu wa kustaajabisha. Hakuna mtu aliyewahi kuliona ua hivyo chini ya mti, likiwa halina rangi wala harufu. Ukali wake hauigi kuona kwa kawaida. Unaunda kuona kupya, na hapo ndipo ulipo utukufu wa picha hiyo.

Karl Blossfeldt wa Ujerumani huithibitisha hoja hii kwa njia nyingine. Alianza kwa kujifunza kusubu chuma, kisha akafundisha sanaa za ufundi jijini Berlin, na mimea aliipiga kwa kamera aliyoitengeneza mwenyewe ili wanafunzi wake wajifunze maumbo ya urembo. Katika Urformen der Kunst, kitabu cha mwaka 1928, machipukizi yaliyokuzwa mara nyingi huonekana kama nakshi za lango la chuma, na ni makali mno, ingawa Blossfeldt hakusita kuyapunguza majani na kuupanga mmea mpaka umbo alilolitafuta lijitokeze.

Siku hizi ukali haudai tena tundu dogo, ambalo kwa kweli likizidi udogo huutawanya mwanga na kuipunguzia picha uwazi. Mpiga picha huweza kupiga ua moja mara nyingi, kila mara akisogeza fokasi kidogo, kisha programu ya kompyuta ikaziunganisha sehemu zilizo wazi za kila picha kuwa picha moja. Mtaalamu wa mimea anayezitofautisha spishi kwa vinyweleo vya petali ana haki kamili ya kuitaka njia hiyo. Msanii anayeitumia hujinyima uhuru ambao Emerson aliuthamini, ule wa kuchagua kama ni stameni zilizotokeza mbele au ni mkunjo wa petali ulio nyuma yake utakaolivuta jicho kwanza. Na akishajinyima hivyo, kazi yote ya kuliongoza jicho huielemea mikono yake katika mwanga na mpangilio, kazi ambayo Cunningham aliifanya kwa ua moja jeupe lililojaza fremu.