Gamba la Nyoka na Nadharia Isiyosomwa

Kila nifundishapo riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Gamba la Nyoka (1979), wanafunzi wetu hapa Uganda huandika kwamba inathibitisha ubaya wa nadharia ya Ujamaa. Sikubaliani nao. Aghalabu nadharia yenyewe hawajaisoma. Katika Ujamaa Vijijini, andiko la 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza kuwa watu wasilazimishwe kuingia vijijini, bali washawishike kwa kuona manufaa. Novemba 1973 yeye huyo huyo akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Kezilahabi aliandika baada ya amri hiyo, na wanakijiji wake wanahamishwa kwa nguvu. Anachokihakiki, basi, ni utekelezaji uliokwenda kinyume na nadharia yake.

Hata hivyo nadharia nayo haina kinga. Kwa maoni yangu, haielezi vya kutosha serikali ifanye nini iwapo wananchi watasikiliza, wataelewa, kisha watakataa. Pengo hilo ndilo lililojazwa na malori ya kuhamishia watu.

Swali langu la mtihani, "Ujamaa ulishindwa. Jadili", nimeliondoa (lilikuwa likiwajibia). Muhula ujao maandiko haya mawili yatasomwa pamoja, la Nyerere likitangulia.