Mstari Mmoja wa Jedwali: Waswahili wa Sensa na Wasemaji wa Kiswahili

Ni nadra mwanaisimu wa Kiswahili kulisoma jedwali la makabila katika ripoti ya sensa kama anavyosoma matini nyingine yoyote, yaani kwa kuuliza liliandikwa na nani, kwa haja gani, na maneno yake yana maana ipi. Jedwali hunakiliwa tu. Nia ya makala haya ni kuuhakiki mstari mmoja wa jedwali la Kenya, ule wenye neno "Swahili", pamoja na matumizi yake katika maandishi yetu.

Tuanze na tarakimu zenyewe. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097, na kati yao Waswahili 110,614. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na Waswahili 56,074. Katika muda wa miaka kumi, basi, nchi iliongezeka kwa watu karibu milioni tisa, ilhali Waswahili walipungua kwa karibu nusu. Hapakuzuka tauni Lamu wala Mombasa katika muda huo. Yatupasa kutafuta sababu katika orodha yenyewe, kwani jina hilo ni fungu ambalo mipaka yake husogezwa. Katika sensa ya 1969 liliandikwa bega kwa bega na "Shirazi". Ukiwatia Wabajuni ndani ya fungu, fungu hunenepa. Ukiwapa mstari wao wenyewe, hukonda. Mtu wa Faza hajabadili hata neno moja la Kitikuu chake.

Lakini hilo si kosa kubwa. Kubwa ni kwamba sensa hizi haziulizi lugha. Karani huuliza kabila, mwenye nyumba hujibu, na jibu hupewa msimbo. Mtoto wa Kisauni ambaye hakupata kusema lugha nyingine nyumbani isipokuwa Kiswahili huandikwa Mdigo, Mkamba au Mwarabu kwa kumfuata baba yake. Mtoto wa Nairobi aliyelelewa kwa Kiswahili huandikwa Mluo. Hawa wote hawamo katika zile 110,614, wala katika 56,074. Na bado idadi hizo ndizo tunazozikuta katika sura za kwanza za tasnifu, zikiitwa "idadi ya wasemaji wa Kiswahili kama lugha ya kwanza nchini Kenya". Sijitoi katika lawama hii. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili ng'ambo, niliinakili idadi ya 2009 kwa maneno yayo hayo, na mtahini wangu, ambaye hakupata kufika Afrika Mashariki, ndiye aliyeniuliza swali la sensa lilikuwa lipi hasa. Sikuwa na jibu.

Shirika la Kitaifa la Takwimu halistahili kulaumiwa kwa hili. Lilihesabu makabila, likasema limehesabu makabila. Sisi ndio tuliobadili kichwa cha safu.

Madhara yake huonekana zaidi pale uainishaji wa serikali unapokutana na ule wa kimataifa. Katika sensa ya 1969 Wakipsigis, Wanandi na Watugen walikuwa na mistari yao mbalimbali. Katika ile ya 1979 waliunganishwa chini ya jina Kalenjin. Msimamo wa ISO 639-3, uliotolewa mwaka 2007 na kusimamiwa na SIL, huiita Kalenjin "makrolugha", kisha huigawa tena kuwa lugha kadhaa, kila moja na msimbo wake. Mtafiti aliye kati ya vyombo hivi viwili huchukua jina kutoka huku na idadi kutoka kule, akadhani ameeleza kitu kimoja.

Kwa Kiswahili hali ni ya kinyume. Msimamo huohuo umekipa Kiswahili cha Kongo msimbo wa peke yake, lakini Kimvita na Kiamu havina. Lahaja ya Muyaka na lahaja ya Al-Inkishafi, ambazo ndizo nguzo za somo la ushairi katika idara zetu, hazina mstari katika jedwali la serikali wala msimbo katika orodha ya dunia. Msomi anapoandika kwamba Kiamu kinafifia, au kwamba hakififii, hana idadi ya kuegemea, naye hushawishika kuegemea ile ya "Swahili", ambayo haimhusu Mwamu zaidi ya inavyomhusu Mvumba.

Wenzetu wa Tanzania waliondolewa kishawishi hiki mapema, kwa kuwa swali la kabila halikuulizwa tena baada ya sensa ya 1967. Waliotayarisha Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2009, walilazimika kukadiria wasemaji eneo kwa eneo. Makadirio hayo yana udhaifu wake, lakini msomaji anajua ni makadirio, na ni ya lugha.

Kwetu kazi hiyo inaweza kuanza kwa udogo. Mwanafunzi anayekwenda Lamu kukusanya data za fonolojia ashike pia daftari la pili: katika mtaa mmoja, Mkomani au Langoni, aulize nyumba kwa nyumba bibi husema lugha gani na mama yake mtoto, mama na mtoto, na mtoto na wenzake barazani. Kisha aandike swali lake, neno kwa neno, juu ya jedwali lake.