Uwezo wa Redio Zisizo na Mnara

Katika makala yao ya mwaka 2000, Gupta na Kumar wathibitisha jambo zito: redio zilizotawanyika, zisizo na mnara, zikipokezana habari, fungu la kila moja hupungua kadiri zinavyoongezeka. Zikizidi mara 100, fungu hilo hushuka kwa kadiri ya mara 10 au zaidi. Hesabu yao ni safi. Jina la makala ndilo pana mno. Maana walizichukua redio kuwa hazihami, na sauti ya jirani kuwa ni kelele tu. Mwaka 2002 Grossglauser na Tse walionyesha kuwa zikitembea, fungu halipungui, mradi mpokeaji avumilie kungoja. Basi msomaji asikate tamaa: kilichopimwa ni namna moja ya kupashana habari, wala si mwisho wa uwezo.