Nyumba Inayomngoja Marehemu

Riwaya ya nyumba yenye mzuka husimama au huanguka kwa jinsi mwandishi anavyoijenga nyumba yenyewe kabla hajamwingiza mzuka. Msomaji anapaswa kujua mlango uko wapi, nani hulala chumba kipi, na jambo gani halifanywi chini ya paa lile. Shirley Jackson aliifanya kazi hiyo kwa ustadi wa hali ya juu katika The Haunting of Hill House, riwaya ya mwaka 1959. Katika jumba lake kila pembe imekosea kidogo, milango hujifunga yenyewe, na baridi kali imetua mbele ya chumba cha watoto. Mzuka haonekani. Kuna vishindo mlangoni usiku wa manane, na kuna Eleanor, mgeni mpweke aliyeushika mkono wa mwenzake gizani, kisha taa inapowaka anagundua kuwa mwenzake hakuwa karibu naye. Ukurasa huo mmoja unawaaibisha waandishi wengi wanaomwaga damu kila sura.

Huku Bondo, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, vishindo vya namna hiyo vina maelezo yake tayari. Anayesukuma mlango usiku na kurusha changarawe juu ya mabati ni jajuok, mtu mwenye jina na shamba, ambaye asubuhi atasalimia majirani kama kawaida. Nyawawa, mizimu ipitayo na upepo wa ziwa, hufukuzwa kwa kelele za sufuria na madebe, kijiji kikipokea kutoka kwa kijiji, mpaka ipite. Nyumba nayo ina taratibu zake. Kwa desturi ya Wajaluo, anayeanzisha boma jipya huandamana na mwanawe wa kwanza aliyebeba shoka, yeye mwenyewe akiwa na jogoo, na nyumba ya kwanza husimamishwa siku hiyo hiyo. Wavulana hujenga karibu na lango. Mwenye boma akifa, huzikwa ndani ya boma lake, hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Mwandishi wa hadithi za kutisha aliyezaliwa huku amerithi nusu ya kazi: taratibu zipo, kilichobaki ni kuzivunja.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Tangu Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto mwaka 1764, riwaya za Kiingereza zimetegemea hofu ya marehemu aliyemo nyumbani. Katika boma la Mjaluo marehemu kuwemo ndiyo hali ya kawaida. Watoto hucheza kando ya kaburi la babu yao na hakuna anayewakemea. Kinachokosesha watu usingizi ni marehemu ambaye hakurudi. Kesi ya S.M. Otieno iliuonyesha ulimwengu hofu hiyo. Wakili huyo wa Nairobi alifariki tarehe 20 Desemba 1986, na mjane wake alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ulimdai, na miongoni mwa hoja zilizosikika mahakamani ni kwamba roho ya aliyezikwa ugenini ingewasumbua waliobaki. Mwishowe ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Mwanasheria mkubwa, jaji na maiti: mtunzi wa riwaya angebuni kisa hicho angeambiwa ametia chumvi.

Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo, mashariki mwa Bondo, mwaka 1930, aliijua hofu ya nyumbani kuliko mwandishi mwingine yeyote wa ufuo huu. Hadithi yake ya Tekayo, katika mkusanyiko wa Land Without Thunder wa mwaka 1968, haina mzuka hata mmoja. Mzee aliyewahi kuonja ini tamu lisilojulikana ni la mnyama gani analitafuta kwa wanyama wote bila kulipata. Uzeeni anaachiwa wajukuu awaangalie. Kisha wajukuu wanaanza kupotea. Uhodari wa Ogot ni kumweka mla watu pale pale ambapo kila mama angemwacha mwanawe bila wasiwasi, nyumbani kwa babu, na kusimulia kwa sauti tulivu ya mtu anayepasha habari za kijiji.

Waandishi wa Kiswahili nao wamebisha mlango huo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mzimu ni mahali pa kugundulia mauaji, na mpelelezi Bwana Msa anamwondolea msomaji hofu kwa akili. Ni riwaya nzuri, lakini taa imewashwa mapema mno. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed haiwashi taa: kigogo aitwaye K anafikiwa na babu yake aliyekwisha kufa, na ukuta wa tajiri haumzuii mzee wa ukoo.

Lakini riwaya inayostahili sifa kubwa zaidi ni Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya mwaka 2014, iliyotunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka uliofuata. Nyumba yake, Wuoth Ogik, iko mbali kabisa na ziwa, katika ukame wa kaskazini mwa Kenya, lakini anayeishi humo ni Nyipir Oganda, Mjaluo ambaye baba na kaka yake walikwenda vita vya Burma wasirudi. Mwanawe Odidi anauawa Nairobi wakati wa machafuko ya uchaguzi wa 2007, na maiti inaletwa nyumbani. Wakati huo huo anafika Isaiah Bolton kutoka Uingereza, akimtafuta baba yake, Hugh, ambaye ndiye aliyeijenga nyumba hiyo. Paa moja, na madeni ya maziko chini yake hayana idadi. Toni Morrison alifanya jambo la karibu na hilo katika Beloved mwaka 1987, ambapo mtoto aliyeuawa na mama yake ili asichukuliwe utumwani anaitikisa nyumba namba 124 kule Cincinnati; naye pia alikataa kumfanya mzuka awe mgeni.

Owuor anaandika sentensi fupi zilizokatika, nyingine za neno moja, kama mtu anayeogopa kusema lote mbele ya watoto. Majina ya wafu hutajwa kurasa nyingi kabla ya visa vyao. Msomaji mwenye haraka atalalamika, na ana haki. Anayevumilia atajikuta akiishi kama watoto wa Nyipir: anajua kuna kitu kimefichwa karibu na nyumba, anajua wakubwa wanakifahamu, na hakuna anayemwambia.