Ufundi wa Kufuata Nyayo

Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, mwindaji wa Kihadzabe akishampiga mnyama mkubwa mshale wa sumu hamkimbizi. Hungoja. Mnyama akifukuzwa huenda mbali, na sumu inataka muda. Baadaye ndipo hushika nyayo: tone la damu kwenye jani, ukwato uliozama upande mmoja, majani yaliyolala na bado hayajainuka.

Mwaka 1979 mwanahistoria wa Italia, Carlo Ginzburg, aliandika kwamba elimu ya Sherlock Holmes ina mizizi kwa wawindaji wa namna hiyo, watu wanaosoma habari za kiumbe wasichokiona. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi amerithi ufundi mzito, na sipendi akidharauliwa eti anaandika vitabu vya kupotezea wakati.

Kwetu aliyefungua njia ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapwa mwaka 1960. Kabla ya uandishi wa habari alikuwa mkaguzi wa afya, na nadhani jicho lile la ukaguzi ndilo alilompa mpelelezi wake, Bwana Msa. Maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo hofu ingetosha kufunga mjadala; Bwana Msa anavuta kiko chake na kuanza kuuliza. Willy Gamba, shujaa wa riwaya za Elvis Musiba, ana mbio na bastola, nami nimemsoma kwa raha, lakini nikitaka ufundi narudi kwa Bwana Msa.

Riwaya ya muuaji anayerudia kuua ni ngumu zaidi. Kifo cha kwanza kinaweza kuwa ajali au kisasi. Cha pili kinaanza kuonyesha mkono wa mtu. Jirani na Mlima Hanang, mkoani Singida, mauaji ya kurudiwa namna hiyo yalitokea kweli katika miaka ya 1940. Watu waliuawa kwa majeraha yaliyofanana na ya makucha, na nyuma ya ngozi za simba walikuwapo binadamu. Baadhi yao walinyongwa na serikali ya kikoloni. Fikiria mpelelezi aliyesimama juu ya maiti ya aina hiyo alfajiri: ni mnyama au ni mtu? Mwandishi akilijibu swali hilo mapema, ameua kitabu. Akilichelewesha bila kuacha alama yoyote, amemdhulumu msomaji. Alama iwepo ukurasa wa kumi, wazi kabisa, nasi tuipite tukitazama kwingine.

Natamani riwaya kama hiyo iandikwe kwa Kiswahili, chini ya Mlima Hanang. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wana desturi moja kali: nyayo za ng'ombe walioibwa zikiishia kijijini kwenu, ninyi ndio mtakaoonyesha zilikoelekea, la sivyo mtalipa. Mwandishi angeweza kuihamishia desturi hiyo kwenye mauaji. Nyayo za muuaji zinavuka magadi makavu ya Ziwa Balangida, zinaingia kitongojini, zinapotea kwenye vumbi la zizi. Mpelelezi anakaribishwa, anapewa kigoda na maziwa. Wazee wanamjua muuaji, maana ni mtoto wao. Sura hiyo ningeomba iandikwe polepole, kurasa nyingi, bila risasi hata moja.