Ombi Moja kwa Siku: E. Nesbit Alivyoifunga Miujiza kwa Sheria

Mwandishi anayempa mhusika wake uwezo wa kupata chochote anachokitaka amejitia matatani. Mwenye kila kitu hana mgogoro, na pasipo mgogoro hakuna hadithi. Edith Nesbit alilitatua tatizo hilo mwaka 1902 katika Five Children and It, riwaya ya watoto ambayo hadi leo, zaidi ya miaka 120 baadaye, ingali ikichapishwa. Siri ya uhai wake imo katika mipaka aliyoiwekea miujiza yake.

Ndugu watano wamehamia nyumba ya shamba huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Wazazi wamesafiri ghafla, na watoto wameachwa na watumishi. Wakichimba katika machimbo ya kokoto wanamfukua Psammead, kiumbe wa mchangani mwenye macho juu ya pembe ndefu kama za konokono, masikio ya popo, na mikono na miguu ya tumbili. Ni mzee wa maelfu ya miaka, mkali wa maneno, na anaogopa maji kuliko kitu chochote. Anakubali kuwatimizia maombi, lakini kwa masharti: ombi ni moja kwa siku, na kila kilichopatikana kinatoweka jua linapozama.

Sharti la machweo linafanya kazi mbili. Kwanza, linaleta taharuki bila adui. Watoto wanapoomba mabawa, wanaruka siku nzima, wanachoka, wanalala juu ya mnara wa kanisa. Jua linazama wakiwa usingizini. Wanaamka bila mabawa, na mlango wa kuteremkia umefungwa. Hakuna mtu mbaya aliyewafanyia hila. Saa imetosha kuwatia mashakani. Pili, linafuta kila kitu, na sura inayofuata inaanza upya. Hadithi hizi zilitoka kwanza kwa mfululizo katika jarida la Strand Magazine, na msomaji wa jarida alihitaji kisa kinachokamilika ndani ya toleo moja. Nesbit alilijibu hitaji hilo la uchapishaji kwa sheria iliyomo ndani ya hadithi yenyewe.

Mbinu ya pili ni kwamba muujiza unabadili kitu kimoja tu, na dunia nyingine yote inabaki ilivyo. Watoto wanaomba kuwa wazuri kupindukia. Wanakuwa hivyo, na Martha, mtumishi wa nyumbani, hawatambui. Anawafungia mlango, na chakula cha mchana kinawapita. Wanaomba dhahabu, machimbo yanajaa sarafu za gini zilizokwisha kuondolewa katika matumizi, na wenye maduka wanazikataa. Watoto wenye mifuko iliyojaa dhahabu wanaishia mikononi mwa polisi. Mali ni ya kweli, ila thamani ya fedha inatokana na makubaliano ya jamii, na Psammead hana mamlaka juu ya makubaliano hayo. Nesbit alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kisoshalisti cha Fabian mwaka 1884, tena ndiye aliyeilisha familia yake kwa kalamu. Mambo ya fedha hakuyaandika kwa kubahatisha.

Lakini ufundi wake unaonekana zaidi pale msuko ulipotaka kukwama. Watumishi wakishuhudia ajabu jipya kila siku, nyumba nzima itavurugika na hadithi haitakwenda. Nesbit analiziba pengo hilo kwa vinywa vya wahusika: watoto wanaomba watumishi wasiyaone yanayoletwa na maombi. Kisha kiraka hicho chenyewe anakitia kazini. Martha anapowakuta watoto wameshikwa na polisi, haoni hata sarafu moja, na anamgombeza askari kwa kuwasingizia. Kufikia wakati wa kupekuliwa, jua limekwisha kuzama na mifuko ni mitupu. Sheria mbili zimekutana kuifunga sura, wala mwandishi hakulazimika kuwatafutia watoto mwokozi.

Jini anayetimiza maombi ni wa kale. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanamjua vyema. F. Anstey alikwisha kumleta London katika The Brass Bottle ya mwaka 1900, na Nesbit anadaiwa naye. Alichoongeza ni kuwakabidhi watoto mtihani wenyewe. Hakuna mkubwa anayewahubiria. Matokeo ya maneno yao ndiyo yanayowafunza. Robert, mmoja wa ndugu hao, akisema kwa hasira kwamba anatamani kila mtu amtake mdogo wao mchanga, ombi linapita vilevile, na siku nzima inakwisha kwa kumwokoa mtoto asichukuliwe.

Waliofuata waliikopa kanuni ya muujiza wenye mipaka. C. S. Lewis, aliyempenda Nesbit tangu utotoni, aliipa nchi yake ya kubuni ya Narnia sheria ya wakati: miaka inapita kule, huku haipungui hata saa. Mmarekani Edward Eager, katika Half Magic ya 1954, aliunda hirizi inayotoa nusu ya kilichoombwa, na watoto wake ni wasomaji wa Nesbit. Mwaka 2014 Kate Saunders aliwachukua ndugu walewale hadi Vita Kuu ya Kwanza, mahali ambapo ombi la Psammead halitoshi.

Kitabu kina madoa. Wahindi Wekundu na Wajipsi wamechorwa kwa dhana potofu za zama zile, na mzazi anayekisoma na mwanawe asizipite kimya. Hata hivyo mtambo wa hadithi hausimami juu ya dhana hizo. Unasimama juu ya sheria. Kwa hiyo anayetaka kuwaandikia watoto fantasia itakayodumu, kabla hajaamua muujiza wake unaweza nini, aamue kwanza hauwezi nini. Kisha asiivunje sheria yake, hata pale kuivunja kungemrahisishia kazi.