Ibara kwa Ibara

Muswada unapojadiliwa Dodoma, wengi huwasikiliza wabunge wenye sauti kubwa. Mimi huwafikiria waandishi wa sheria wa Serikali, ambao majina yao hayatajwi.

Tazama kifungu cha adhabu. Kikisema “faini na kifungo”, mkosaji ataingia jela hata kama fedha anazo. Kikisema “faini au kifungo”, hakimu anachagua. Kikiongezwa “au vyote kwa pamoja”, anapata nafasi ya kupima uzito wa kosa. Mwandishi stadi hulikalia neno kama hilo mpaka aridhike. Na tangu mabadiliko ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, mwananchi naye anaweza kulisoma mwenyewe.

Kusomwa Mara ya Kwanza ni kutajwa tu. Kazi huanza kwenye Kamati, wadau wanapoitwa kueleza sheria itawagusa vipi. Hatua hii naithamini sana, ndiyo maana naumia hati ya dharura ikitumika pasipo dharura yenyewe: wadau hukosa muda wa kusoma.

Baada ya mjadala wa Mara ya Pili huja Kamati ya Bunge Zima, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Spika anakuwa Mwenyekiti, Katibu anataja ibara moja baada ya nyingine. Mbunge mwenye jedwali la marekebisho anasimama kuomba aya fulani ifutwe, au “anaweza” iwe “atalazimika”. Waziri anajibu, Mwanasheria Mkuu anafafanua, wabunge wanaamua. Ibara ya 7 ikifutwa, ya 8 inakuwa ya 7, na kila mahali palipoitaja lazima parekebishwe. Tafsiri ya neno ikibadilishwa mwanzoni, huenda kosa la jinai likapanuka kurasa thelathini mbele bila mtu kukusudia. Waandishi wanayafuatilia hayo yote mjadala ukiendelea. Uvumilivu huo naustahi kuliko hotuba yoyote.

Mara ya Tatu haichukui muda. Kisha muswada huenda kwa Rais. Ibara ya 97 ya Katiba inamruhusu kukataa kuukubali, lakini hawezi kukataa kimya kimya: anaurudisha Bungeni pamoja na maelezo ya sababu zake. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote, Rais ana siku 21 za kuukubali, la sivyo alivunje Bunge.